Boksi Lililofungwa kwa Maombi

Kilichotangulia ni sauti. Chakacha, chakacha, kama nafaka inayopepetwa ungoni, kisha kimya, kisha tena chakacha, safari hii karibu zaidi. Ambrose alikuwa amelala chali chini ya guta la kubebea mbao, spana mkononi, grisi hadi kwenye nyusi. Hakuona kitu zaidi ya vumbi na magurudumu. Lakini masikio yalimwambia mambo mawili kwa mpigo: kwamba gari lililosimama nje ya karakana yake linashusha boksi la baiskeli, na kwamba ndani ya boksi hilo kuna maharage.

Boksi lile alilipanga mwenyewe. Aliifungua baiskeli ya Hulda kwa mikono yake, akatoa pedali, akaulaza usukani sambamba na fremu, akapunguza upepo matairini, akazifunika gia kwa sweta lake kuukuu, na kila palipobaki uwazi akapasokomeza sponji. Alipomaliza alilitikisa, likawa kimya kama mtoto aliyeshiba. Sasa lilikuwa linachakacha.

Akajisukuma kutoka uvunguni. Alichokiona kwanza ni viatu vya Hulda, vimefungwa kamba mpya. Kisha macho yake. Yalikuwa yamelia alfajiri na kunawishwa maji ya baridi, ila yalipokutana na ya Ambrose yalitulia, yakakaa pale pale, kana kwamba yalikuwa yameagizwa yafike hapo na si kwingine. Nyuma yake alisimama mama yake na kapu. Na nyuma zaidi, katika upepo wa Makambako usiomhurumia mtu, alisimama baba yake, mzee Abrahamu Mligo wa kijiji cha Yakobi, mzee wa kanisa, mkulima wa chai na parachichi, na mtu pekee duniani aliyemkataza Ambrose kukanyaga uwanja wake.

"Shikamoo, mzee," Ambrose akasema, akijifuta mikono kwenye suruali.

"Marahaba," mzee akajibu, akiiambia barabara.

Habari ya katazo hilo ilijulikana kuanzia Yakobi hadi Kitandililo. Jumapili moja baada ya ibada, Ambrose alivaa shati jeupe akaenda nyumbani kwa kina Hulda kusema kwamba anampenda na anataka kumwoa. Alikwenda peke yake. Hakuna kijana wa Kibena anayefanya hivyo, na hata kwao Lugarawa kwa Wapangwa hakuna, kwa sababu neno la kuoa hupelekwa na wazee, na kijana hungoja nyumbani. Ambrose alilijua hilo vizuri. Lakini alikuwa na kiburi cha mtu aliyejijenga mwenyewe, akaona haya kuazima mdomo wa mwingine. Mzee alipomuuliza amekuja na nani, alijibu amekuja na miguu yake. Alipoulizwa itakuwaje, yeye Mkatoliki na nyumba ile ya Kilutheri, akasema, "Mungu ni mmoja, mzee. Ninyi ndio mmegawana majengo." Akaonyeshwa njia kabla chai haijapoa.

Tangu hapo walionana kwa kuibia, Hulda akishuka na baiskeli yake kutoka kwao upande wa Njombe kwa kisingizio cha mazoezi. Na mazoezi yalikuwa ya kweli, maana Hulda alikuwa na miguu ambayo milima ya kwao iliishindwa. Alipowaacha wenzake wote nyuma kwenye mashindano ya nyanda za juu, klabu moja ya wanawake ya Ubelgiji ikamwita akae nao msimu mzima wa mbio. Sharti lao lilikuwa aje na baiskeli aliyoizoea. Bila baiskeli hakuna msimu.

Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu tiketi moja ya Hulda iliunganisha ndege za mashirika matatu, na kila shirika lina moyo wake. Dada Feliciana, wakala wa tiketi kule Dar es Salaam, aliwaeleza kwa simu, nao wameketi karakana mabega yakigusana. Shirika la kwanza halina neno, ilimradi baiskeli ichukue nafasi ya begi moja. La pili linataka pedali zitolewe na matairi yalainishwe. La tatu, lenye kindege kidogo cha kumalizia safari, limekubali kuipokea baiskeli, lakini boksi na vyote vilivyomo visizidi kilo ishirini na tatu, na hawauzi nafasi ya ziada hata ukipiga magoti. Mzigo unapokelewa Dar mara moja mpaka mwisho. "Kwa hiyo mfuateni aliye mkali kuliko wote," Feliciana akamalizia. Ambrose alilipanga boksi likasoma ishirini na moja, akashukuru.

Ila mzee Abrahamu naye alitoa sharti lake, kupitia kwa mkewe, kwa kuwa yeye na binti yake hawakuwa wakizungumza tangu tiketi ifike. Safari ya mtoto wake haiwezi kuanzia karakana ya mtu. Itaanzia sebuleni kwao. Basi boksi likapelekwa Yakobi likiwa wazi, likawekwa katikati ya ndugu na majirani, ukaimbwa wimbo, mchungaji akaliwekea mkono, na mzee mwenyewe akalizungushia gundi pande zote. Hakuna aliyekumbuka kulipima tena. Haikumjia mtu akilini kwamba mzigo unaweza kunenepa kati ya kupangwa na kuombewa.

"Limefungwa vizuri," Ambrose akasema sasa, akilitazama.

"Lifungwe vibaya kwa nini?" mzee akaiuliza barabara.

Lililokuwa na mizani ni duka la viazi la jirani. Mwenyewe, mama Conjesta, aliwapokea kwa salamu kubwa ya "kamwene" iliyowatosha wote, akalitazama boksi likipita mlangoni.

"Mama Hulda, mnamsafirisha mtoto au mnahamisha ghala?"

"Weka tu hapo, mwenzangu," mama Hulda akajibu, na hakumtazama mtu usoni.

Ile mizani ilikuwa imesogezwa ukutani kupisha magunia, uso wake ukaangalia ukuta. Ni mtu mwembamba tu aliyeweza kujipenyeza nyuma na kuusoma mshale. Ambrose akajipenyeza.

Thelathini na moja.

Akasoma mara ya pili. Mshale haukubadili maneno. Upande wa pili wa boksi walimngoja watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuona anachokiona yeye. Ndipo wazo likamjia, taratibu na kwa upole, kama rafiki. Sema ishirini na mbili. Basi. Boksi litapanda gari, litafika Dar, litakataliwa kaunta. Hulda hataondoka bila baiskeli, na klabu haitamtaka bila baiskeli. Atarudi. Wiki ijayo atateremka tena ule mteremko wa kuingia mjini, upepo umemkausha jasho shingoni, na hakuna atakayejua. Nani wa kulaumiwa? Mama na maharage yake.

Akainua macho. Hulda alikuwa akimtazama. Hakuwa akiutazama mzigo, wala mizani. Alikuwa akimtazama yeye.

"Thelathini na moja," Ambrose akasema, na sauti ikamtoka kama kitu kilichong'olewa. "Imezidi. Inabidi tufungue."

Kwa mara ya kwanza mzee Abrahamu akaiacha barabara, akageuka.

"Halifunguliwi."

"Mzee, wanataka ishirini na..."

"Nimesikia wanachotaka. Hilo boksi limefungwa kwa maombi. Kitu kikishaombewa kinakwenda kama kilivyo."

Ambrose alilisikia lile joto lake la zamani likimpanda kutoka kifuani, na jibu likiwa tayari mdomoni, limenolewa pande zote mbili. Lingekata vizuri sana. Lingemfukuzisha mara ya pili, na safari hii kutoka mjini kwake mwenyewe. Akalimeza, likapita kwa shida. Kisha akachomoa kisu chake cha kazi, akakigeuza mpini kwa mbele, akakishika kwa mikono miwili kumwelekea mzee.

"Mliomba Hulda afike na baiskeli yake," akasema. "Likibaki hivi baiskeli haifiki. Mimi sitaligusa. Nakuomba ulifungue wewe uliyelifunga."

Mama Hulda akaweka kapu chini.

"Baba Hulda, fungua," akasema. "Nimeweka maharage. Na unga wa ulezi. Na asali kidogo. Kule nani atampa?"

Walimtazama mzee wakingoja ngurumo, nayo haikuja. Alishika kile kisu, akalizunguka boksi kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ya mgeni, akainama upande wa mbele.

"Tufungue hapa tu," akasema. "Huku nyuma pasiguswe. Hakuna haja."

Yakatoka maharage, mfuko ulioshonwa kwa mkono. Ukatoka unga. Ikatoka chupa ya asali iliyovalishwa soksi mbili ili isipasuke, na mama Hulda akaipokea kwa mikono yote miwili kama mtu anayerudishiwa posa. Hulda akataka kuvihamishia kwenye begi lake lingine, lakini lile nalo lilikuwa na kipimo chake na limeshakifikia. Boksi likarudi kwenye mizani. Ambrose akajipenyeza ukutani. Ishirini na nne kasoro kidogo.

"Bado," akasema. "Kuna kitu kingine. Lazima tufungue na nyuma."

Mzee hakubisha. Aliweka kisu juu ya gunia la viazi, akatoka nje, akasimama tena na barabara yake.

Ambrose akakata gundi, akapitisha mkono kando ya gurudumu la nyuma, mahali alipokuwa ameweka sponji. Sponji haikuwepo. Vidole vilikutana na kitu kizito, laini, chenye joto. Akakivuta polepole. Lilikuwa koti la sufu, la kijivu, refu, ambalo Yakobi nzima ililifahamu. Mzee Abrahamu alilivaa kanisani kila Jumapili ya majira ya baridi, tangu Hulda akiwa wa kubebwa mgongoni.

"Baba Hulda," mama akaita kuelekea mlangoni, "uliniambia koti liko kwa fundi cherehani."

Kule nje mgongo wa mzee ulikuwa umenyooka, mikono amejikumbatia, shati lake jembamba likipigwa na upepo, na sasa kila mtu alielewa kwa nini amekuja bila koti siku kama ile. Hulda alilichukua mikononi mwa Ambrose, akatoka nalo hadi aliposimama baba yake. Ambrose hakutaka kusikiliza, lakini duka lilikuwa dogo.

"Baba," Hulda akasema, akipiga goti kidogo.

Mzee hakugeuka.

"Baridi ya huku naijua," akasema. "Ya huko siijui."

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa binti yake tangu tiketi ifike. Hulda aliuficha uso ndani ya lile koti, na mzee akawa hajui afanye nini na mikono yake. Kisha mzee akasema basi koti libaki tu, maana limezidisha mzigo, na kwa baridi ya huko hata yeye alijua pengine halitatosha.

Ambrose akasogea mlangoni. "Mzee, samahani. Wanachopima ni mzigo. Abiria mwenyewe hapimwi. Akilivaa mwilini, linakwenda."

Mzee Abrahamu akamgeukia, na kwa kitambo akamtazama kama mtu anavyomtazama mtu. Kisha akalichukua koti, akalikung'uta, akamvisha binti yake. Mikono ilimfunika Hulda vidole. Mzee akamfunga vifungo mwenyewe, kuanzia cha chini kwenda juu, jinsi mtoto anavyofungwa siku yake ya kwanza ya shule. Mama naye hakuchelewa. Aliuchana mfuko wa maharage pembeni, akamimina konzi moja kwenye mfuko wa koti wa kulia, konzi moja wa kushoto, na wote wakajifanya wanaangalia viazi.

Mabasi ya kutoka Mbeya kwenda Dar yalikuwa karibu kufika. Ambrose alileta sponji nyingine kutoka karakana, akaijaza mahali pake, akalipima boksi, likakubali, akaanza kulifunga. Hulda alikuja kumshikia gundi. Walichuchumaa nyuma ya magunia, boksi katikati yao, yeye akizungusha na Hulda akikandamiza, na kila gundi ilipozunguka vidole vyao viligusana, vikakawia.

"Pedali ya kushoto?" Ambrose akauliza kwa sauti ya chini.

"Inakazwa kinyume. Umeshaniambia."

"Matairi?"

"Nisijaze upepo mpaka nifike kwa wenyeji. Umeshaniambia, Ambrose." Alimtazama juu ya ile kola ya baba yake. "Niambie ambalo hujaniambia."

Ambrose alizungusha gundi mara moja zaidi ya ilivyohitajika.

"Pale nyuma ya mizani," akaanza.

"Niliona."

"Uliona nini?"

"Nilikuona ukiutazama ule mshale. Mtu hasomi namba moja kwa muda wote ule."

Uso ukamwaka. "Na hukusema kitu."

"Nilikuwa nangoja kujua nampenda nani."

Alilisema bila hasira, na ndiyo maana lilimwingia. Ambrose akauachia ule mzunguko wa gundi, akashika vidole vilivyotokeza kwenye mkono mrefu wa koti.

"Ningesema ishirini na mbili ungerudi," akasema.

"Ningerudi. Tungekaa pamoja, na kila nikikutazama ningekuona umesimama nyuma ya mizani." Hulda akayageuza macho, kisha akayarudisha. "Sasa naondoka, na kila nikikukumbuka nitakuona umemshikia baba kisu kwa mpini."

"Nakupenda, Hulda."

"Hilo umeshaniambia pia." Akatabasamu, na machozi yakakosa pa kwenda yakateremka. "Ila hukuwahi kulisema taratibu hivi." Halafu akainama karibu, mpaka Ambrose akasikia harufu ya lile koti, harufu ya sabuni na moshi wa jiko la kuni. "Msimu ukiisha narudi. Lakini nisikilize. Sitaolewa kwa kumtoroka baba. Nilikuwa naweza, siku zile alipokuwa hasemi na mimi. Leo siwezi tena. Njia yako ya kuja kwangu inapita kwake, na mimi sitakuwepo wa kukushikia mkono."

Honi ya basi ikalia nje.

Kondakta alilikagua boksi, akataka kulilaza chali chini ya mizigo mingine. Sauti mbili zikamkataza kwa pamoja, moja nzito na moja changa: "Lisimame." Mzee Abrahamu na Ambrose wakatazamana. Bila kuambizana, mmoja akashika ncha ya mbele na mwingine ya nyuma, wakalinyanyua, wakaliingiza kwenye buti polepole, mzee akiongoza na Ambrose akifuata, wakaliegemeza vizuri. Halikutoa sauti yoyote.

Mama alimkumbatia Hulda mpaka kondakta akakohoa. Shangazi angempokea Dar. Mzee alimwekea binti yake mkono kichwani, akasogeza midomo bila sauti, akauondoa. Hulda hakumkumbatia Ambrose mbele ya baba yake. Alipopita alimgusa tu kiwiko, mara moja, akapanda.

Wanaume wawili wakabaki wamesimama bega kwa bega chini ya dirisha, injini ikinguruma.

"Ile Jumapili," mzee Abrahamu akasema, "ulikuja na mdomo peke yake."

"Ndiyo, mzee."

"Kwenu Lugarawa hakuna wazee?"

"Wapo."

"Wana habari ya jambo lako?"

Hili ndilo lililokuwa gumu. Ambrose aliwatazama watu wakipita na mizigo yao, akatamani mmojawapo amwite.

"Hawana, mzee. Sikuwaambia. Nilitaka kulifanya mwenyewe."

Mzee akatikisa kichwa kama aliyekuta alichokitarajia.

"La kanisa sijalimaliza," akasema. "Ni zito lile, na sikuahidi kitu. Lakini siwezi hata kulianza na mtu asiye na watu. Nitazungumza na nani likiharibika? Na miguu yako?"

Ambrose alilipokea lile kofi bila kupepesa, kwa kuwa lilikuwa halali yake. Basi likajitikisa. Juu yao kioo cha dirisha kikasukumwa, na Hulda akatoa kichwa, kola imemfika masikioni, macho yake yakienda kwa baba yake, yakija kwake, yakienda tena. Magurudumu yakaanza kuviringika. Ambrose akavua kofia yake yenye grisi. Alimgeukia mzee, akasimama wima mbele yake, na akasema kwa sauti ya kufika hadi dirishani:

"Mzee Mligo, kabla Hulda hajarudi nitakuja Yakobi na baba yangu mdogo Hilari na shangazi yangu Eufrasia. Watasema wao. Mimi nitakaa mtakaponiketisha, na sitafungua mdomo mpaka wewe mwenyewe uniambie niseme."